Nyumba Yenye Tulililia

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1976

Mvua tangu alfajiri. Robine ya chini imekauka tena. Maji yanatoka mbinguni, mu robine hakuna, Bukavu yetu njo hiyo. Nilioga na maji yenye inashuka ku manjanja ya paa. Nikashuka mupaka biro ya zoni na viatu mu mufuko, nikavivaa ku mulango.

Kazi ya leo: vyeti vya kuzaliwa, ruhusa za safari, barua ya muzee mwenye aliibiwa mbuzi. Mashini inaruka herufi R. Patron anasema nipige tu, R nitaiandika na mukono. Zoni nzima inaandika R na mukono wangu.

Mbele ya kufunga akanipa karatasi ya kufukuza mutu mu nyumba. Sisi mu biro tunaiita degerpisma. Nimeshapiga nyingi. Jina sisomaki, macho yanapita tu, vidole vinafanya kazi. Leo nilisoma. Citoyenne Nabintu, mupangaji wa citoyen Birindwa. Ni Mama Safi. Mulango wake na wangu vinatazamana, choo tunatumia kimoja. Na Birindwa ni mwenye lupango yetu, kiwanja na nyumba zake zote, mimi pia ninamulipa.

Sikupiga. Nilisema wino wa mashini umekauka. Patron alisema nitafute wino mwingine. Niliogopa.

Jumanne, tarehe 5 Oktoba

Nilimwambia asubuhi. Alikuwa anapepeta maharagi mbele ya mulango, mutoto wake Bahati ku mugongo. Hakulia. Alipepeta mupaka yakaisha, ndipo aliniuliza, akiniita dada mukubwa vile anafanyaka: "Yaya, wanatupa siku ngapi?"

Niandike mambo vile iko, nisijidanganye. Bwana wake, Papa Safi, alienda Kamituga kuchimba zahabu mbele ya Pasaka. Mwanzo alituma pesa na madreva wa kamion. Tangu kiangazi, kimya. Garanti yenye walitanguliza wakiingia mu nyumba imeshakuliwa yote. Sasa anadaiwa. Birindwa simupendi, lakini alingoja kuliko wenye nyumba wengine wa Kadutu. Ila amepata ajida moja, askari wa kambi, mwenye atalipa garanti mupya, tena ya nusu mwaka. Nani atakataa?

Mama Safi hana pa kwenda. Kwao ni Luvungi, wazazi walikufa, kaka yake analima mashamba ya wenyewe. Kwa shemeji yake kule Walungu hataki hata kusikia. Ule shemeji anasema ni yeye alimusukuma bwana wake ku mashimo na tamaa ya vikwembe vya kuvaa.

Watoto ni watatu. Safi anakuja kwangu na kazi za masomo. Cito anakuja kukula mukate wangu, masomo hapana. Bahati ni wa ziwa, angali ananyonya, anaanza kusimama akishika ukuta. Mimi sina mutoto wala bwana. Watu wa lupango wananiitaka masera bila kanzu, wanasema mutawa mwenye alipotea njia ya kwenda konventi. Wacheke. Lakini Cito akikosa kupiga mulango wangu asubuhi, mukate unanikwama.

Alhamisi, tarehe 7 Oktoba

Niliomba ruhusa, nikasema jino linaniuma. Tukaenda na Mama Safi kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu. Birindwa alikuwa ameshakaa pale, kofia ku goti, sauti ya upole. Upole wake unaniudhi kuliko matusi.

Alisema: "Mimi sina ugomvi na mama. Nyumba inadai kula yake. Manjanja inatoboka, mi nitanunua na nini?"

Mama Safi alisema bwana wake atatuma. Shefu akauliza lini. Akakaza kitambaa cha Bahati ku mugongo. Mimi nikasema mutoto mwenye ananyonya hawezi kutupwa mu mvua. Shefu akaniuliza mimi ni nani mu mambo hii. Nikasema jirani. Akasema jirani alipe. Watu walicheka. Nilitoka mashavu yanawaka.

Jumamosi, tarehe 9 Oktoba

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Kartie yote ku mifereji, majembe na miguu bila viatu. Wenye hawakuja wataandikwa. Nilichota matope na hasira, mufereji wangu ulikuwa safi kuliko yote.

Birindwa alikuja kuchota karibu yangu. Akasema polepole, bila kunitazama, kwamba mutu mwenye anapanga nyumba akianza kupangia wengine maneno, atajikuta na yeye anatafuta chumba. Nikamwambia matope yako yanarudi kwangu, papa. Akaondoka.

Usingizi haukuja muzuri. Mushahara wangu wa mwezi jana haujatoka. Nikifukuzwa mimi, nitaenda wapi na hii mudomo yangu?

Jumatano, tarehe 13 Oktoba

Nimeshindwa. Wino ulikauka mara moja, karatasi ikapotea mara moja, ya tatu nikaandika jina vibaya. Patron akasimama nyuma yangu mupaka nikamaliza. Alisema anajua tunakaa lupango moja. Alisema tena kuna wasichana wa shule ya lise wenye wanapiga mashini na vidole kumi na hawana majirani.

Nilipiga. R zote nikaandika na mukono. Sahihi, muhuri. Askari jandarme anakuja Jumatatu asubuhi kutoa vitu inje.

Nilipita mbele ya mulango wa Mama Safi bila kusalimia. Sikuweza.

Ijumaa, tarehe 15 Oktoba

Nilimwambia Mama Safi jana. Tulijaribu likirimba, muchango wa zamu wa wamama wa soko, zamu yake ya kupokea iko mbali. Tulijaribu parokia, padri alitoa kidogo kwa mufuko wake mwenyewe, ni ya chakula. Kwangu hakuna kitu. Kaka yake wa Luvungi alituma muhogo.

Leo dreva wa kamion ya Kamituga alisimama ku parking, Mama Safi akamufata vile anafanyaka kila kamion ikifika. Dreva huyu hakutaka kumutazama. Akasema kule juu shimo lilianguka na watu ndani, upande ule Papa Safi alikuwa anachimba. Wengine walitolewa. Wengine udongo umebaki nao. Majina hajui.

Alirudi akanielezea vile vile, neno kwa neno. Akaenda kuanika nguo za Bahati.

Jumapili, tarehe 17 Oktoba

Naandika usiku.

Nyuma ya Misa nilikaa nikifikiri. Kesho jandarme. Mvua haikomi. Nikafikiri: jandarme anaogopa nini? Haogopi machozi, haogopi padri. Lakini kwetu hakuna mutu mwenye anagusa mulango wa kilio, nyumba yenye inalia mufu wake. Moto ukishawashwa mu lupango, wanawake wakishakaa chini ku mikeka, hata mwenye deni kubwa haulizwi. Mwenye lupango ndiye anapaswa kuleta kuni za kwanza. Huo ni musumari, hakuna muhuri wa zoni wenye unaung'oa.

Nikaenda kwa Mama Safi. Nikamwambia tumulilie Papa Safi kama mufu.

Akasema: "Sijaona maiti."

Nikamwambia dreva amesema. Akajibu dreva alisema shimo, hakusema Papa Safi. Nikamwambia kesho wanakutoa. Nikamwonyesha watoto, nikamwonyesha mvua. Nilisema mambo mingi. Mimi nikianza kusema sijui kuacha. Nilimwambia kama yuko muzima atarudi, tutacheka, tutanunua pombe ya kasiksi tukunywe. Kama amekufa, basi tumefanya haki yake.

Alikaa chini. Safi alikuwa anasuka mudoli wa majani ya ndizi ku mulango, akatutazama wote wawili.

Kisha Mama Safi akafungua kitambaa cha kichwa, akakitupa chini, akalia.

Nilifikiri atajifanya. Hakujifanya. Ule mulio ulitoka mahali sijui. Wanawake walitoka mu nyumba zote. Saa ile nilitaka kumwambia basi, acha, tutatafuta njia ingine. Lakini mukeka wa kwanza ulikuwa umeshatandikwa.

Jumatatu, tarehe 18 Oktoba

Jandarme alikuja. Kijana, viatu vizuri, karatasi yangu mu plastiki kwa sababu ya mvua. Alisimama ku mulango wa lupango akaona moto, wazee ku viti, wanawake chini. Akavua kofia.

Aliuliza nani amekufa. Wakamwambia bwana ya hii nyumba. Akauliza namba ya nyumba. Wakamwambia. Alitazama karatasi, akatazama Mama Safi mwenye kichwa wazi, akairudisha mu mufuko. Akakaa. Wakamupa kasiksi. Akaweka sarafu mu sahani, akasema pole, akaenda zake.

Nilikuwa nyuma ya jiko nikatamani kucheka, nikasikia machozi yananitoka. Sikujua ni ya nini.

Ku biro nilisema niko na kilio mu lupango. Patron akanipa siku mbili. Hata yeye.

Jumanne, tarehe 19 Oktoba

Birindwa alileta mufuko muzima wa makala ya moto na kuni. Alizibeba yeye mwenyewe ku bega, muzee vile. Nilitaka kumuona na uso wa kushindwa. Hakuwa nao.

Alikaa karibu ya moto. Akaanza kuelezea wazee vile Papa Safi alimusaidia kuinua manjanja wakijenga hii nyumba, upepo ukamubeba na bati yake karibu wapotee wote. Watu walicheka kidogo. Yeye akalia. Machozi ya kweli, yanaingia mu ndevu. Nilimuchukia kidogo tu, si kama jana, na hiyo inaniumiza. Ni rahisi kupigana na mutu mubaya.

Katekista alikuja kuongoza rozari. Nyuma akaniambia nisiwe na shaka, ameshatuma habari Walungu kwa ndugu wakubwa wa marehemu. Alituma jana na kamion ya ndizi.

Nikamwambia aksanti. Nilipofika mu chumba changu nikafunga mulango.

Mimi mwenye kufikiri sana. Mimi mwenye kupanga. Nilifikiri jandarme tu. Nani analia mutu bila ndugu zake kuja? Mutoto mudogo wa kwetu Bushi anajua hiyo. Nilikuwa na karatasi ile mu kichwa, nikasahau kila kitu kingine.

Alhamisi, tarehe 21 Oktoba

Walifika. Murhula, ule shemeji wa Walungu, kaka mukubwa wa Papa Safi, na mashangazi wawili. Walianza kulia tangu chini ya kilima, tukawasikia kabla ya kuwaona.

Mashangazi walikaa na Mama Safi. Wakamunyoa nywele, wakamunyoa Safi pia. Shangazi mwembamba halii vizuri, macho yake yanatembea. Masufuria. Kitanda. Mashini ya kushona ya Papa Safi. Watoto.

Murhula ni mutu wa maneno kidogo. Alikaa karibu ya moto, akashika mukono wa Birindwa akamushukuru kwa makala. Cito alimupenda mara moja, kwa sababu anafanana na baba yake. Akakaa ku magoti yake akashika vidole vyake. Nilimuita kukula mukate. Hakuja.

Mama Safi aliniuliza polepole ku choo: "Yaya, sasa tutafanya aje?"

Jumamosi, tarehe 23 Oktoba

Siku ya kufunga kilio. Salongo wametusamehe.

Kwanza alisimama Birindwa. Alisema deni amelizika pamoja na marehemu. Alisema ule ajida ameshapata nyumba ingine upande wa Bagira. Mama abaki mu nyumba, aanze kulipa mwaka mupya, akipata nguvu. Mbele ya shefu wa kartie, mbele ya katekista, mbele ya wote. Wazee wakasema aksanti. Tumeshinda, nilisema mu roho. Nilikuwa na furaha, naandika hapa kwa sababu ni kweli, furaha kubwa kabisa, nikamutafuta Mama Safi na macho.

Yeye hakuwa anatazama Birindwa. Alikuwa anamutazama shemeji yake.

Murhula akasimama. Alisema: "Tunashukuru mwenye lupango. Sasa na sisi tuseme yetu. Ng'ombe ya mahari ilitoka kwetu, batoto ni ba kwetu. Mama akipenda, tuende naye Walungu, mi nitamuchunga. Akikataa, abakie mu nyumba yenye bamemupa. Batoto babili banaenda. Wa ziwa abakie naye mupaka aache ziwa."

Kumuchunga maana yake awe bibi yake. Wa tatu.

Mama Safi alitikisa kichwa kukataa. Wazee wote walikuwa wanakubali, kwa sababu ni vile inafanywaka, na Murhula hakusema kitu cha uongo hata kimoja. Birindwa alikuwa anatazama chini. Shangazi mwembamba alishafunga masufuria mu kikwembe.

Jumapili, tarehe 24 Oktoba

Sikuenda Misa. Nilienda kwa shefu wa kartie, peke yangu. Nikamwambia hatuna hakika kama yule mutu amekufa. Dreva alisema shimo tu.

Alikuwa anakula. Aliacha kukula. Akasema: "Citoyenne, ni nani alimulilia? Si ni ninyi?"

Akanielezea polepole vile mutu anaelezea mutoto. Mama akisema bwana wake hajafa, basi deni halijazikwa, karatasi ya zoni ingali na muhuri, Jumatatu jandarme anarudi. Na Murhula hataamini. Atasema mwanamuke alimulilia ndugu yake akiwa muzima, alimuitia kifo. Wanamuita mulozi, ni kusema muchawi. Nani ataachia mulozi watoto? Halafu akauliza ni nani alianza hii shauri ya kulia. Aliuliza akiwa amechukua tena bugali, hata hakunitazama.

Nilisema sijui.

Nilipopanda kilima nilihesabu kazi yangu, chumba changu, patron wangu. Mbele ya watoto nilihesabu hayo. Najiona mubaya.

Mama Safi alikuwa ananingoja ku mulango. Nilimwambia yote, hata ile "sijui" yangu. Akasema: "Basi." Akaingia kufua nguo za Safi na Cito, zikauke mbele ya safari. Hazikukauka. Mvua.

Jumatatu, tarehe 25 Oktoba

Kamion ya Walungu iliondoka asubuhi.

Cito alikuwa na furaha, hajapanda kamion tangu azaliwe. Alishika kofia ya baba yake mukubwa. Safi alijua. Alikuja kwangu na kibao chake cha shule, akaniuliza kama kule Walungu kuna masomo. Nikasema iko. Akauliza kama nitakuwa ninakula mukate wote peke yangu sasa. Nilimupa mukate wote, na kisu.

Mama yao aliwapandisha yeye mwenyewe. Alimufunga Cito vifungo vya koti mupaka shingoni. Alimwambia Safi amuangalie mudogo wake asichezee karibu ya muto. Basi. Bahati alikuwa ku mugongo, akaona wenzake wanaenda akaanza kulia, akalia njia yote ya kurudi.

Nilienda ku biro. Nilipiga vyeti vya kuzaliwa. Mashini imetengenezwa, R inatoka vizuri.

Jumanne, tarehe 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Padri anasoma majina ya wafu wa mwaka. Katekista alikuwa ameandika Papa Safi. Mama Safi alienda sakristia mbele ya Misa akaomba wamufute. Padri aliuliza sababu. Akaonyesha tu jina na kidole. Padri akamufuta.

Nyuma ya Misa alienda parking kungoja kamion ya Kamituga. Madreva wamemuzoea. Wanatikisa kichwa kabla hajauliza.

Shati ya bwana wake ingali ku musumari. Anaifua.

Ijumaa, tarehe 26 Novemba

Leo Mama Safi alipika maharagi ya watu watano. Akaona sufuria imejaa, akaniita. Tulikula pamoja. Yaliyobaki tukamupa Birindwa mwenye alikuwa anapita.

Jumamosi, tarehe 15 Januari 1977

Murhula alikuja na viazi na maharagi, mingi. Si mutu mubaya. Ningependa awe mubaya. Alisema Cito amenenepa, anachunga mbuzi. Safi anasaidia shangazi. Nikauliza masomo. Akasema mwaka ujao.

Mama Safi aliuliza kama anaweza kwenda kuwaona. Akasema hakuna mutu anamukataza, mulango uko wazi, hata kulala alale. Akacheka kidogo akisema hiyo. Mama Safi hakuuliza tena.

Kisha akamutazama Bahati. Anatembea sasa, anaanguka, anaamka. Murhula akamupa kiazi cha kuchoma. Bahati akauma, akatafuna. Baba mukubwa akamutazama akitafuna, mupaka akameza.

"Bado ananyonya?"

"Bado," Mama Safi akasema.

Akasema ni sawa, mutoto ashibe maziwa ya mama yake. Atarudi kiangazi.

Alipoondoka Mama Safi akachukua kile kiazi mu mukono wa mutoto, akanipa mimi.

Jumapili, tarehe 9 Julai 1978

Vumbi. Milima ya ng'ambo haionekani. Maji hakuna ku robine, leo kuna sababu.

Muda murefu sijaandika. Hakuna kitu kipya cha kuandika. Patron amehamishwa. Birindwa amebadilisha manjanja upande wetu. Mama Safi anauza makala ku soko, analipa nyumba kila mwisho wa mwezi, mbele yangu. Wapangaji wapya wanamuita Mama Bahati, hawakuwajua wale wengine. Anaitika.

Parking ya Kamituga anaenda mara kwa mara tu. Murhula alikuja kiangazi kilichopita, akauliza kama mutoto ameacha ziwa. Bado. Alikuja Pasaka, akauliza. Bado. Alianza kukunja uso. Juzi ametuma habari atafika wiki hii.

Mangaribi nilikaa ku mulango wangu nikichambua muchele. Bahati alikuwa anacheza mupira wa majani na wenzake. Anakimbia kuliko wote. Anajua kuhesabu mupaka dix, kumi ya Kifaransa, nilimufundisha mimi. Anatukana na Kilingala, hiyo hakuipata kwangu.

Mama yake akamuita. Akaacha mupira, akakuja na vumbi mu nywele. Wanawake wenye wanangoja maji ku robine wakaanza kucheka, vile wanachekaka kila siku. Wanasema huyu atanyonya mupaka siku ya harusi. Mama Safi akakaa ku kizingiti, akafungua blauzi. Mutoto hakukaa hata ku magoti, amekuwa murefu, ananyonya akisimama.

Yeye mwenyewe hakutaka sana. Alikuwa anatazama mupira na jicho moja. Akataka kuachia, mama yake akamurudisha kichwa na mukono, polepole. Akamuuma. Nilimuona vile alifunga macho. Ana meno yote sasa, Bahati.

Hakumutoa.